Chuma Kidogo Baharini: Lipia Chupa Kabla ya Mashine

Kama umepata ruzuku ndogo ya utafiti na unatakiwa kuchota maji kabla kusi halijashika kasi, usianze kwa kuomba bei ya mashine. Anza kwa kujiuliza namba unayoitafuta ni ndogo kiasi gani. Katika upimaji wa chuma kilichoyeyuka baharini, swali hilo ndilo linaloamua kama utatumia dola mia kadhaa au dola laki mbili, na si kila muuzaji atakuuliza.

Kwenye maji ya juu ya bahari kuu, chuma huwa chini ya nanomoli 1 kwa lita, na sehemu nyingi hakifiki hata nanomoli 0.2. Kwenye kina kirefu hupanda kidogo, kati ya nanomoli 0.5 na 1. Nanomoli 1 ya chuma ni mikrogramu 0.056 ndani ya lita nzima. Sasa chukua punje ya kutu yenye uzito wa mikrogramu 1, ambayo unene wake haupiti wa unywele. Ikidondoka kwenye chupa ya lita moja uliyokwisha kuitia asidi, umeongeza zaidi ya nanomoli 11. Maji ya bahari kuu yamegeuka maji ya bandarini, na hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayoweza kukuambia chuma kipi kilitoka baharini na kipi kilitoka kwenye boti.

Kwa hiyo mwenye fedha chache atangulize usafi wa kuchota, halafu alipie upimaji kwa sampuli, na mashine aiweke mwisho kabisa. Historia yenyewe ya fani hii iko upande wake.

Kwa miaka mingi namba za chuma cha bahari zilizochapishwa zilikuwa kubwa kupita kiasi, kwa sababu meli ni chuma, waya wa kushushia chupa ni chuma, na vumbi la maabara lina chuma. Kundi la John Martin wa maabara za Moss Landing, California, lilipoanza kuchota kwa usafi mkali katika miaka ya 1980, namba ziliporomoka. Ndipo Martin alipopata nguvu ya kusema kwamba Bahari ya Kusini, Pasifiki ya kaskazini na Pasifiki ya ikweta hubaki na naitreti isiyotumika kwa sababu mimea midogo ya majini inakosa chuma. Walipima kwa tanuri la grafiti, kifaa ambacho leo maabara nyingi hukiona cha kizamani. Kilichowatofautisha na wenzao ni namna walivyochota na walivyoosha.

Jua namba yako kwanza

Ukipima midomo ya mito kama Rufiji, Tana au Sabaki, mabwawa ya kufugia samaki, au maji yaliyomo ndani ya tope la mikoko, chuma ni kingi. Hesabu yake ni mamia ya nanomoli na mara nyingi mikromoli, yaani mara elfu ya bahari kuu. Hapo vifaa vya bei ya chini vinatosha.

Ukipima karibu na ufuko, kwenye mashamba ya mwani au ndani ya miamba, tegemea nanomoli chache hadi makumi. Hapa ndipo watu wengi hupotezea fedha, maana vifaa rahisi havifiki na vile vikubwa vinaonekana kupita mahitaji.

Pwani yetu ina sifa ambayo mpangaji wa bajeti asiisahau: bahari kuu iko jirani. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na boti ndogo inaweza kutoka asubuhi, ikachota maji yenye asili ya bahari kuu na kurudi siku hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mtu aliyepanga kupima "pwani tu" anaweza kujikuta na maji ya chini ya nanomoli 1 ndani ya chupa zilizoandaliwa kwa ajili ya nanomoli 50. Andaa chupa zako kwa maji yenye chuma kidogo kuliko yote utakayoyafikia.

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia takwimu za bure. Mpango wa kimataifa wa GEOTRACES umekuwa ukipima chuma na metali nyingine kwa njia za meli zinazokata bahari zote, Bahari ya Hindi ikiwemo, na umetoa mikusanyo ya takwimu mwaka 2014, 2017 na 2021 ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Kama swali lako ni chuma cha kawaida cha Bahari ya Hindi mbali na nchi kavu ni kiasi gani, pengine huhitaji kuchota chochote. Fedha yako iende mahali ambapo hakuna aliyepima.

Vya mkononi na vya rangi

Vipimo vya karatasi na vile vya mkononi vya kuweka tone la dawa na kusoma rangi huuzwa kwa makumi ya dola. Vinapatikana haraka, havihitaji fundi, na kwa maji ya kisima vinafaa. Lakini soma upande wa nyuma wa boksi: vingi huanzia miligramu 0.02 kwa lita. Hiyo ni takriban nanomoli 358. Kwa maji ya bahari utasoma sifuri mwaka mzima. Usinunue, hata kama muuzaji anakupa punguzo.

Ngazi inayofuata ni spektrofotometa ya kawaida pamoja na ferozini, dawa inayogeuka zambarau ikikutana na chuma chenye chaji mbili. Ferozini ilielezwa mwaka 1970 na bado ni njia nzuri ya kuanzia kwa mwenye fedha kidogo. Spektrofotometa ya mwanga wa kawaida inagharimu kati ya dola elfu moja na elfu chache, na vyuo vingi vya pwani tayari vinayo. Usinunue nyingine kabla hujauliza idara ya jirani.

Mipaka yake inahesabika. Kwenye seli ya sentimita 1, chuma cha nanomoli 10 kinanyonya mwanga kwa 0.0003, kiasi ambacho kifaa cha kawaida hakiwezi kukitofautisha na kelele zake. Kwa maji ya tope la mikoko yenye mikromoli 10 unapata 0.28, na hapo kazi ni nyepesi na ya kuaminika. Kama utafiti wako ni wa mikoko, ishie hapa na uweke akiba fedha inayobaki.

Kwa maji ya ufukoni kuna njia ya kati ambayo wengi hawaijui: mrija mwembamba wa kapilari unaopitisha mwanga kwa urefu wa mita 1 au zaidi badala ya sentimita 1. Nanomoli zile zile 10 sasa zinanyonya 0.028, na unaanza kuona. Mrija, taa na kisoma-mwanga chake kidogo hugharimu maelfu kadhaa ya dola. Ni haki yake, ila fahamu masumbufu. Kiputo kimoja cha hewa kinaharibu usomaji. Chumvi ikibadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, mwanga unapinda na kukupa namba ya uongo, kwa hiyo viwango vya kulinganishia lazima vitengenezwe kwa maji ya bahari yenye chumvi ile ile. Na dawa zenyewe huja na chuma ndani yake, hasa ile ya kupunguza chaji na ile ya kudhibiti pH, hivyo lazima uzisafishe kabla ya kuzitumia.

Kwa maji ya ufukoni, mrija huo ndio ningeununua kama bajeti yote ya kifaa haizidi dola elfu kumi. Kwa bahari kuu, hapana.

Tanuri, zebaki na mwanga wa luminoli

Tanuri la grafiti linafaa kwa mtu ambaye tayari analo kwenye jengo lake. Chumvi ya bahari hailipendi, hivyo lazima uchukue robo lita au zaidi ya maji, ukitoe chuma kwa resini au kwa kiyeyusho kama klorofomu, na kukiweka ndani ya mililita chache. Bei ya mtumba inavutia. Kabla ya kukubali, uliza kama mtengenezaji bado anauza mirija ya grafiti na taa za modeli hiyo. Mirija huchakaa baada ya kuwashwa mara mamia kadhaa, na tanuri lisilo na mirija halina kazi. Klorofomu nayo haimwagwi kwenye sinki: weka bei ya kuiteketeza kwenye hesabu tangu mwanzo.

Voltametria ya tone la zebaki ni habari nyingine. Seti yake huanzia karibu dola elfu 20. Unaongeza kemikali inayoshika chuma, unakikusanya juu ya tone la zebaki, kisha unasoma mkondo wa umeme. Faida yake kubwa ni kwamba chumvi ya bahari inasaidia badala ya kusumbua, na unafika chini ya nanomoli 0.1 kwa mililita 10 za maji. Na ndiyo njia inayotumika zaidi kujua chuma kimeshikwa na nini. Zaidi ya asilimia 99 ya chuma kilichoyeyuka baharini kimefungwa na molekuli za asili ya viumbe, na kama swali lako ni kwa nini mimea inaweza au haiwezi kukitumia, mashine za bei kubwa zaidi hazitakujibu.

Bei ya pili ni zebaki yenyewe. Mkataba wa Minamata ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na kila mwaka kununua, kusafirisha na kutupa zebaki kunakuwa kugumu zaidi. Mashirika ya ndege hayaipendi kwa sababu inakula alumini. Vilevile, ukitaka jumla ya chuma, lazima kwanza uvunje zile molekuli kwa mwanga wa urujuanimno, na taa hiyo huuzwa peke yake. Sampuli moja inaweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima. Kwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye sampuli chache na swali la kemia ya ndani, thamani ipo. Kwa taasisi inayotaka kufuatilia vituo kumi kila mwezi, mwendo huo hautoshi.

Njia ninayoipa alama ya juu kwa taasisi ni ya maji yanayotiririka pamoja na luminoli. Pampu inasukuma sampuli kupitia safu ndogo ya resini inayokamata chuma na kuacha chumvi ipite. Asidi kidogo inakiachia, kinakutana na luminoli na haidrojeni peroksaidi, na mwanga wa buluu unaotoka unahesabiwa na kifaa nyeti. Mfumo wa aina hiyo ulichapishwa na Wajapani mwaka 1993, na tangu hapo umepanda meli nyingi. Unaona hadi sehemu chache za mia za nanomoli moja, unatumia makumi ya mililita za maji, na unatoa jibu kwa dakika chache.

Uzuri wake kwa mnunuzi ni kwamba hulazimiki kununua boksi moja lililofungwa. Pampu, vali, mirija, safu na kisoma-mwanga hununuliwa vipande vipande, na kwa kawaida jumla yake iko kati ya dola elfu 10 na elfu 30. Kikiharibika kimoja, unabadilisha hicho. Fundi wa umeme wa mjini anaweza kukusaidia, jambo ambalo haliwezekani kwa mashine iliyofungwa kwa nywila ya kampuni.

Kuna gharama ambazo hazimo kwenye ankara ya vipande hivyo. Mirija ya pampu hulegea na kubadilisha kasi, hivyo inunuliwe kwa wingi. Peroksaidi huisha nguvu kwenye joto na inahitaji friji inayofanya kazi hata umeme ukikatika. Mwanga wa luminoli hubadilika joto likibadilika, kwa hiyo bila kiyoyozi au birika la maji la joto moja, namba za asubuhi hazitalingana na za mchana. Kubwa kuliko zote ni muda wa kujifunza. Panga miezi kabla ya kupata matokeo ya kuchapisha, na uhakikishe watu wawili wamefundishwa. Mifumo hii hufa mara nyingi pale mtu mmoja aliyeijua anapohamia kazi nyingine.

Kuna ndugu yake wa bei nafuu anayetumia rangi badala ya mwanga: chuma huharakisha dawa iitwayo DPD kugeuka waridi mbele ya peroksaidi, na spektrofotometa ndogo inasoma. Kama tayari una kisoma-rangi cha maji yanayotiririka, anzia hapo.

Mashine kubwa na mtego wa maabara za biashara

Spektrometa ya masi yenye plazma, ambayo maabarani huitwa ICP-MS, ndiyo inayotamaniwa kwenye maombi ya ruzuku. Ya kawaida huanzia karibu dola 150,000. Ile yenye uwezo wa kutenganisha masi zinazokaribiana hugharimu mara mbili ya hapo au zaidi. Inapima chuma, manganizi, shaba, zinki, kadimi na risasi kwa mkupuo mmoja, na hilo ni jambo kubwa.

Lakini kwa chuma cha bahari ina tatizo la kuzaliwa nalo. Plazma hutengenezwa kwa gesi ya argoni, na argoni ikiungana na oksijeni ya maji inatoa kitu chenye masi 56, sawasawa na isotopu kuu ya chuma. Unahitaji kifaa cha kuzuia mgongano huo, au ile mashine ya bei ya juu. Na gramu 35 za chumvi kwa lita zinaziba mdomo wa mashine. Ukiyazimua maji, chuma nacho kinapotea. Hivyo bado utanunua resini na mfumo wa kukusanya chuma kabla ya kupima, ambao ukija tayari umejiendesha wenyewe ni makumi ya maelfu ya dola nyingine. Wanaofanya vizuri zaidi huongeza isotopu ya 57 iliyopimwa ndani ya kila sampuli kabla ya kuipitisha, ili kinachopotea njiani kisiharibu jibu.

Argoni peke yake itakusumbua. Mashine hula lita 15 hadi 20 kwa dakika. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bari 200 una lita 10,000 hivi za gesi, sawa na kazi ya muda wa saa 10. Piga simu kwa msambazaji wa gesi wa mji wako, uliza mtungi wa usafi wa juu unauzwaje na unachukua siku ngapi kufika, halafu zidisha kwa siku utakazopima. Ongeza mkataba wa matengenezo, ambao mara nyingi hufikia sehemu ya kumi ya bei ya mashine kila mwaka, pamoja na bomba la kutolea moshi, kipoza-maji, na kidhibiti umeme. Kununua mashine hii kwa ajili ya chuma peke yake si matumizi mazuri ya fedha ya umma.

Ulipie kwa sampuli, basi. Na hapa upo mtego unaomeza bajeti ndogo kuliko wowote ninaoujua.

Maabara ya biashara ya mazingira itakupa bei nzuri ya "metali katika maji ya bahari". Ina cheti cha ubora, inajibu barua pepe siku hiyo hiyo, na mashine yake ni hiyo hiyo ya plazma. Unatuma sampuli 40, na unapokea karatasi yenye mistari 40 inayosema "chini ya mikrogramu 10 kwa lita". Hawajakudanganya. Mikrogramu 10 kwa lita ni nanomoli 179, na hicho ndicho kiwango cha chini wanachokihitaji wateja wao wa bandari na mabomba. Hata maabara inayofika mikrogramu 1 inaishia nanomoli 18. Fedha imekwenda, na maji yamemwagwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, waandikie maswali haya na udai jibu la maandishi. Kiwango chao cha chini kwa maji ya bahari, si maji matamu, ni nanomoli ngapi? Sampuli tupu zao, yaani zile zisizo na maji ya bahari ila zimepitia hatua zote, zinatoa kiasi gani? Na lile kubwa zaidi: walipopima maji ya marejeo ya SAFe walipata ngapi?

Maji hayo yalichotwa Pasifiki ya kaskazini mwaka 2004, baada ya majaribio ya awali ya kulinganisha maabara kuonyesha kwamba maji yale yale yanapata majibu yanayoachana sana. Maji ya juu, yaliyopewa herufi S, yana chuma cha nanomoli 0.093 kwa kilo. Ya kina, D2, yana 0.933. Maabara ya chuma inayojua kazi yake itakutajia namba zake bila kutafuta faili. Isiyojua maji hayo ni nini, iache. Zipo pia chupa za maji ya bahari ya marejeo zinazouzwa na baraza la utafiti la Canada. Ni nzuri kwa wanaopima pwani, lakini chuma chake ni nanomoli kadhaa, hivyo kuzipata sawa hakuthibitishi kwamba maabara inaweza kazi ya bahari kuu.

Maabara za vyuo vikuu zinazopima chuma cha bahari mara nyingi hutoza zaidi kwa sampuli na foleni yao ni ndefu. Wengine hupunguza bei au kuifuta kabisa kwa sharti la kuwa waandishi wenza. Ni biashara ya haki ikiwekwa wazi mapema: takwimu ni za nani, zitachapishwa lini, na sampuli ikiharibika nani analipia marudio.

Fedha inakokwenda kimyakimya

Chupa za plastiki laini ya poliethilini za mililita 125 ni bei ndogo. Kuziosha ndiko kwenye gharama: siku moja ndani ya sabuni ya maabara, wiki moja ndani ya asidi kali ya haidrokloriki, wiki nyingine ndani ya asidi hafifu, na suuza baada ya suuza kwa maji yaliyosafishwa hadi kiwango cha megaohimu 18. Katriji za mashine ya maji hayo ni ghali, na maji ya bomba yenye chokaa huziua mapema. Kama huna mashine hiyo, omba nafasi kwenye maabara ya hospitali kubwa au chuo badala ya kununua.

Kisha asidi ya kuhifadhia. Sampuli hutiwa asidi hadi pH ya 1.7 au 1.8 ili chuma kisigande kwenye kuta za chupa, na hiyo ni kama mililita 2 za asidi ya haidrokloriki iliyokolea kwa kila lita. Angalia lebo ya asidi ya kawaida ya maabara. Ikisema chuma kisizidi sehemu 0.2 kwa milioni, basi mililita hizo 2 zinaweza kuongeza nanomoli 8 kwenye kila lita yako, mara nane au zaidi ya chuma cha maji ya kina kirefu. Rahisi hapa ni ghali mno. Asidi iliyosafishwa kwa kazi hii ina bei kali, na ikija kwa ndege inatozwa kama mzigo wa hatari, kiasi kwamba nauli inaweza kuipita bei ya chupa yenyewe.

Mbadala ni chombo cha kukenekia asidi chini ya kiwango cha kuchemka, cha plastiki ngumu isiyoshikwa na asidi. Unaweka asidi ya kawaida upande mmoja, unaipasha taratibu, na upande wa pili unapokea asidi safi, kidogo kidogo, usiku kucha. Kwa maabara itakayofanya kazi hii zaidi ya mwaka mmoja, hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya kipimo chochote.

Usisahau vibali. Asidi ya haidrokloriki imo kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, hivyo uagizaji wake unaangaliwa. Tanzania utapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kibali cha utafiti hutolewa na tume ya sayansi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, na kutuma maji nje kunahitaji makubaliano ya maandishi kati ya taasisi mbili. Siku ambazo mzigo unakaa forodhani nazo hulipiwa. Tafuta wakala aliyewahi kutoa kemikali, hata akiwa ghali kidogo kuliko yule wa nguo na vipuri.

Chumba safi cha kujengwa ni ndoto ya ghali. Hema la plastiki safi juu ya fremu ya mabomba ya PVC, likisukumiwa hewa na feni yenye kichujio cha HEPA, linatosha kwa kuchuja na kutia asidi. Watafiti hujenga mahema ya aina hii hata ndani ya meli. Weka meza ya plastiki, toa kila skrubu inayoonekana, na vaa glavu zisizo na poda.

Boti

Chagua boti ya faiba kuliko mashua ya mbao yenye misumari. Zima injini. Geuza omo kuelekea upepo na mkondo, na uchote kutoka mbele kwa mti mrefu wa plastiki, ukifungua chupa chini ya uso wa maji, mkono ukiwa mbali na boti. Mtu mmoja ashike kila kitu kichafu, na mwingine aguse chupa peke yake, ambayo imekaa ndani ya mifuko miwili.

Kwa maji ya mita 20 au 40, usikimbilie zile chupa maalumu zilizopakwa tefloni, ambazo moja ni maelfu ya dola. Mrija wa plastiki uliooshwa kwa asidi, kamba ya nailoni na pampu ya kuminya mrija vitakufikisha. Uzito wa kuzamisha ndio unaowaponza wengi: jiwe la zege lina nondo ndani. Tumia uzito uliofunikwa kabisa kwa plastiki. Ukihitaji mita 500, tafuta nafasi kwenye safari ya meli ya utafiti yenye chupa hizo na kamba isiyo ya chuma. Kukodi kila kitu mwenyewe hakulipi.

Chuja siku hiyo hiyo, kwa kichujio cha mikromita 0.2, maana "kilichoyeyuka" ni kile kilichopita hapo na ukibadilisha kichujio umebadilisha namba. Ukiwa na chupa 40, usizijaze zote maji ya vituo. Tenga 12 kwa nakala na sampuli tupu zilizopitia boti, mrija, kichujio na asidi kama nyingine. Zinauma, kwa sababu kila moja inalipiwa kama sampuli, lakini bila hizo mhariri wa jarida atarudisha kazi yako yote.

Kama ningekuwa na dola elfu tano na wiki sita, nusu ningeiweka kwenye chupa, asidi, vichujio, hema na boti. Theluthi ingelipia sampuli chache kwenye maabara yenye namba za SAFe. Kinachobaki kingesubiri forodha na marudio.

Na kama fedha ya upimaji bado haijaingia, usiache msimu upite. Maji yaliyochujwa na kutiwa asidi safi ndani ya chupa iliyooshwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika. Funga kifuniko sawasawa, weka mifuko miwili, andika uzito wa kila chupa ili ujue kama maji yamepungua kwa kuvukizwa, na uyaweke gizani. Yale ya kupimia molekuli zinazoshika chuma peke yake ndiyo yasiyotiwa asidi, hayo yagandishwe. Kuosha chupa kunachukua zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo asidi na chupa viagizwe wiki hii.